Mtama wa Mgeni

1

Nguzo ya saba ilikuwa imesikia mimea elfu kumi na nane. Shamba la Mama Ndahani lilitakiwa kuwa na elfu ishirini na saba. Dakta Saumu Shekiondo alisimama chini ya nguzo ile, jua la saa nne likimchoma utosi, akaisoma namba kwa mara ya tatu kana kwamba ingeona haya na kujirekebisha.

"Karani," alisema, "hii nguzo ni nzima?"

"Nzima, daktari," kilijibu chombo kilichoning'inia kifuani pake. "Nimeipima leo asubuhi. Mimea elfu tisa haijasema neno tangu msimu uanze."

Mtama huo uliitwa Sikivu. Jina lilitungwa mjini na watu ambao hawajawahi kushika jembe, maana kazi yake hasa haikuwa kusikia bali kusema. Mafundi wa jeni walikuwa wameupandikizia uwezo wa kulalamika. Ukishikwa na kiu, majani yake yalitoa harufu ambayo pua ya binadamu haiinusi, lakini kinasa kilichofungwa juu ya nguzo kiliinasa, kikahesabu mmea mmoja mmoja, kisha kikafungua maji ya kisima kirefu yadondoke pale tu palipoombwa. Ndege nao walikuwa hawaugusi kwa sababu ya ganda lake. Katika nchi kavu ya magharibi ya Dodoma, ambako kundi moja la kwelea kwelea lingeweza kumaliza jasho la mwaka mzima kati ya asubuhi na adhuhuri, hilo pekee lilitosha kumfanya mtu aweke dole gumba.

Na watu wote wa kijiji cha Ihumbuli waliweka. Waliweka dole kwenye mkataba wa Mamlaka ya Mbegu Hai, wakachimbiwa kisima, wakapewa pampu, na kwa upande wao wakaahidi kukabidhi mbegu zote za zamani zichomwe moto. Sababu ya kuchoma ilielezwa vizuri mkutanoni: chavua ya mtama wa zamani ikiuingia Sikivu, watoto wake huzaliwa bubu. Mtafiti peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuacha vishamba vya mbegu ya zamani, vya kulinganishia. Saumu alikuwa na kimoja, nyuma ya ofisi ya kijiji, na mbuzi walikimaliza msimu wa kwanza. Hakuhangaika kukipanda tena. Majibu ya wanakijiji yalimtosha.

Majibu yenyewe yalikuwa matamu mno. Kwa misimu mitatu Karani alihoji kaya mia mbili na kumi na mbili, na kaya zote zilisema lile lile: Sikivu ulitoa magunia kumi na manne kwa ekari, na mtama mwingine ulitoa sita. Kwa namba hizo Saumu aliandika utafiti wa kurasa mia nne juu ya jenetiki na maendeleo ya vijiji. Watu walimpigia makofi kwenye kumbi zenye viyoyozi. Ijumaa ya wiki hii Mamlaka ingetia saini kupeleka Sikivu kwenye vijiji mia sita vingine, na vijiji mia sita vingechoma mbegu zao. Ilibaki kitu kidogo tu, Saumu ahakiki nguzo na kutia sahihi ya mwisho.

Sasa elfu tisa hazipo. Mtu anayevuna magunia kumi na manne kutoka kwenye mimea isiyosikika ni mchawi au mwongo, na Saumu, binti wa Lushoto aliyesomea takwimu, hakuamini uchawi.

2

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba, daktari. Mbukwa. Karibu kivulini, utaungua mpaka ufanane na sisi."

Mama Ndahani, mwenyeji wake kwa miaka yote mitatu, alikuwa na miaka hamsini na mitano na meno yote kinywani. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya maji. Kabla Karani hajawekwa chini alikuwa ameshachukua ungo uliokuwa ukutani. Saumu alipokivua chombo na kukiweka kwenye kigoda, mama yule alikifunika kwa ungo taratibu, jinsi mtu anavyofunika mboga isiingie inzi.

Zamani Saumu alikuwa akilicheka jambo hilo. Kila nyumba ya Ihumbuli ilikuwa na ungo wa Karani. Waliufunua wakati wa mahojiano, wakaufunika mazungumzo yalipoanza. Leo, kwa mara ya kwanza, lilimkera. Mtu hafuniki sikio la mwenzake kama hana la kuficha.

Chakula kililetwa. Ugali wa mtama, laini, unaonukia kama mvua ya kwanza, na mlenda wa karanga. Ulikuwa ugali ule ule aliokula hapa tangu mavuno ya kwanza, na kila akirudi mjini aliwasimulia wenzake kwamba Sikivu ni mtamu kuliko wanavyodhani.

"Mama, nguzo yako inasikia mimea pungufu," alisema akimega tonge. "Elfu tisa haziongei."

"Labda zimenuna."

"Nasema kweli, mama."

"Na mimi nasema kweli. Mtama unaodai maji kama mke mdogo, siku ukinyamaza mnakuja mbio kutoka mjini. Wetu wa zamani ulikuwa ukinyamaza, na hakuna aliyekuja." Alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye ungo. "Meza kwanza, halafu utahoji."

Saumu alimeza. Moyoni alikuwa ameshafungua kesi. Wameuza mbegu za Mamlaka kijiji cha pili, aliwaza, na magunia yale kumi na manne wameyanunua mahali ili waendelee kupewa maji. Au wameniambia kila ninachotaka kusikia kwa sababu nina daftari. Alimtazama mwenyeji wake akilamba kidole chenye mlenda, mwanamke aliyemkandia mguu kwa maji ya moto siku alipoteguka, akajiona mbaya kwa kumshuku. Aliendelea kumshuku hivyo hivyo.

"Msalani bado ni nyuma ya zizi?" aliuliza.

"Nyuma ya zizi, kushoto. Usiende kulia, kuna miiba."

Saumu alimchukua Karani chini ya ungo, akamvaa. Kisha akaenda kulia.

3

Miiba ilikuwa imepangwa uzio mrefu usiopenyeza jicho, na uzio ulikuwa na mlango. Ndani yake palisimama mtama ambao Saumu alikuwa ameuona umekomaa kwenye picha za zamani tu. Ulimzidi kimo. Vichwa vyake vyekundu vilikuwa vizito hata vikainama shingo. Hapakuwa na mpira wa maji wala nguzo. Chini, ardhi ilikuwa nyeusi kwa samadi ya ng'ombe iliyomwagwa mwaka baada ya mwaka, na katikati lilisimama dungu la kulindia ndege, ngazi yake imeng'aa kwa kupandwa kila siku. Shamba halikuishia pale. Lilizunguka zizi, likashuka bondeni, likapotea nyuma ya vichaka ambako gari la Mamlaka lisingefika.

Elfu tisa, alikadiria. Hazikosi.

"Nilikwambia kushoto," alisema Mama Ndahani nyuma yake.

Hakuna aliyepandisha sauti. Saumu alishika kichwa kimoja cha mtama, akakigeuza kiganjani. "Hii mbegu mlisema mmeichoma."

"Tulichoma. Hii hatukuihesabu." Mama yule aliongea bila haraka. "Huu si wetu. Ni wa mgeni."

Saumu alikiachia kichwa cha mtama. Neno lile alikuwa amelisoma mara maelfu. Lilikuwa kwenye kila rekodi ya mahojiano, jibu la kwanza, mstari wa kwanza.

"Wa mgeni maana yake nini, mama?"

"Wewe si msomi? Wa mgeni ni wa mgeni. Kila nyumba ina kishamba cha mgeni tangu hatujazaliwa. Unakiweka karibu na zizi penye rutuba, unakilinda wewe mwenyewe, maana mtu akija kwako na njaa kutoka mbali humpi chakula cha kubahatisha. Mtama wenu huo sisi tunakula. Ni wa kula. Lakini ungempa mgeni kitu ambacho wewe mwenyewe hujakizoea? Akiumwa njiani atasema alikula kwa nani?"

"Wa mgeni na wa kula," alirudia Saumu.

"Ndivyo tulivyomwambia huyo wako wa kifuani. Kila mwaka. Mnalima mitama gani? Wa mgeni na huu wa kula."

"Na hiki ni kishamba, mama? Kimefika bondeni."

"Wageni wameongezeka," alisema Mama Ndahani, na hapo aliona haya kidogo. "Tangu mlete mtama wenu hawaishi. Leo afisa, kesho mfadhili, keshokutwa watu wa kupiga picha. Wote wanakula."

Saumu hakujua acheke au alie. Alikaa kwenye ngazi ya dungu. "Karani, neno 'mgeni' kwenye majibu ya Ihumbuli ulilipa maana gani?"

"Sikivu," alijibu Karani kwa sauti yake ya upole. "Ulinifundisha mwenyewe, daktari, siku ya kwanza ya utafiti. Kwenye kijiji cha majaribio mzee mmoja aliuita Sikivu 'mtama mgeni'. Ukasema, wakisema mgeni, andika Sikivu. Neno 'wa' ukasema nisilihesabu, halina uzito."

Halina uzito. Saumu alikumbuka hata chai aliyokuwa akinywa alipolisema. Alikuwa amezaliwa na Kiswahili, akakisoma, akakifundishia, na bado alikuwa ametupa herufi mbili kapuni kama makapi. Magunia kumi na manne yalikuwa ya mtama wa zamani. Sita ndiyo yalikuwa ya Sikivu. Na hata hayo hayakuthibitisha kitu, kwa sababu mmoja ulikuwa umepandwa kwenye samadi na kulindwa kama mwali, na mwingine umeachiwa nguzo. Kurasa mia nne hazikujua lolote.

Mama Ndahani alikuwa akikitazama chombo. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hicho kimesikia tuliyosema?"

"Kimesikia."

"Kinapeleka wapi?"

"Kwenye Mamlaka. Kila siku saa kumi na mbili jioni."

"Kifute."

"Hakifutiki, mama. Kimetengenezwa hivyo ili sisi watafiti tusidanganye."

Mwanamke yule aliinamisha kichwa. Alipokiinua, hakumwita tena daktari wala mwanangu. "Basi umetuuza, Saumu," alisema. "Umekula kwangu miaka mitatu, leo umeshika njia ya kulia kwa sababu nilikwambia kushoto."

4

Ilikuwa saa tisa. Saumu alibakiwa na muda wa saa tatu, na Mama Ndahani alibaki naye, amekaa kwenye jiwe mlangoni pa uzio kama askari, asijue kama analinda mtama au anamlinda mtu.

Karani alikuwa na swali moja tu, alilouliza kila robo saa. "Daktari, neno 'mgeni' sasa lina utata. Niliache na maana ya Sikivu, au nipewe maana mpya?"

Akisema liache, mambo yangekwisha hapo. Kule mjini hakuna aliyesikiliza sauti za wanakijiji, walisoma majedwali. Ihumbuli ingebaki na kisima chake. Ijumaa wangempigia makofi, na pengine wangemwita profesa. Kisha vijiji mia sita vingewasha moto, na mbegu ambazo watu walizichagua kichwa kwa kichwa kwa vizazi zingegeuka majivu kwa ushahidi wa neno lililosikika vibaya. Huenda Sikivu ungewafaa. Huenda usingewafaa. Wakigundua, wasingekuwa na kitu cha kurudia.

Akisema kweli yote, lori lingefika Ihumbuli kabla ya Ijumaa. Wangeng'oa kila kichwa chekundu na kufunga pampu kwa kuvunja mkataba. Aliwahi kuiona Ihumbuli kabla ya pampu. Alimwona Mama Ndahani huyu huyu amepiga magoti mtoni kwenye mchanga mkavu, amechimba shimo la urefu wa mkono, anasubiri maji yajikusanye ateke kwa kata. Alipiga picha siku ile. Ipo kwenye ukurasa wa tisa.

Aliogopa. Aliogopa kwa ajili yao, na akajichukia alipogundua kwamba anajiogopea yeye zaidi.

"Mama," alisema, "hiki kishamba ni cha mgeni yupi?"

"Yeyote atakayekuja."

"Miaka mitatu hii, nani amekula zaidi?"

Mama Ndahani alimtazama kwa shaka, kama mtu anayetegewa swali na polisi. "Wewe unajua. Kuna mwaka ulikaa miezi saba."

Saumu alisimama, akafuta vumbi la nguo. "Karani. Andika maana mpya. 'Wa mgeni' ni mtama wa zamani. Safu zote za Ihumbuli zigeuzwe. Na 'mgeni' ni Saumu Shekiondo."

Chombo kilitoa mlio mfupi. "Mabadiliko haya yanagusa ripoti ya Ijumaa," alisema Karani. "Inanilazimu kumwita Mkurugenzi."

Sauti ya Mkurugenzi Mtweve ilitoka kifuani pake kabla hajavuta pumzi. Alikuwa mtu wa Mamlaka, mpole, na upole wake ulikuwa wa daktari wa meno.

"Dokta Shekiondo. Naona hapa unasema kuna mtama wa zamani Ihumbuli. Mwingi."

"Upo, Mkurugenzi."

"Wanakijiji wamevunja mkataba?"

"Hapana. Vishamba ni vya mtafiti, vya kulinganishia. Ni vyangu."

"Umesajili kimoja tu. Kililiwa na mbuzi, umeandika mwenyewe."

"Hivi sikuvisajili. Kosa ni langu. Na majedwali ya miaka mitatu yamekaa kinyume. Kosa hilo nalo ni langu. Ripoti naiondoa. Hakuna anayeweza kuamua lolote kwa namba zile, si kuupeleka Sikivu wala kuuzuia."

Mtweve alisikika akihesabu kaya. "Mtu mmoja mwenye vishamba mia mbili vya siri," alisema. "Samahani, Dokta, nanusa kitu. Nani yupo hapo pamoja nawe?"

"Mwenye boma."

"Mpe Karani. Wewe rudi nyuma, usiseme neno. Nikisikia hata ukikohoa, lori linakuja leo leo."

Saumu alivua chombo, akakiweka kwenye mikono ya Mama Ndahani. Hawakuwa wamepanga kitu. Angeweza kukonyeza jicho, lakini mama yule alikuwa hamtazami. Alikuwa akimwangalia Karani kama mtu aliyekabidhiwa nyoka. Saumu alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa miiba.

"Habari za mchana, mama," alisema Mtweve.

"Nzuri."

"Usiogope. Nina swali dogo tu. Huo mtama mwekundu ulio nyuma ya zizi lako ni wa nani?"

Mama Ndahani alipangusa jasho la mdomo wa juu. Akajibu kama alivyojibu kila mwaka.

"Wa mgeni."

"Mgeni yupi?"

Upepo uligonganisha vichwa vya mtama. Mama Ndahani aliinua macho, akamtazama Saumu aliyebanwa na miiba, akamtazama kwa muda kama anayepima unga kwa jicho.

"Si ndiye huyu hapa," alisema. "Daktari wenu. Tunamlimia yeye. Kila mwaka akija anaukuta, anakula, anaandika. Waulize nyumba zote, watakwambia ni wa mgeni. Tulidhani mnajua."

Karani alilinganisha na majibu ya mahojiano. Kila kaya, misimu mitatu, rekodi mia sita na zaidi, zilisema hivyo hivyo.

5

Barua ilifika Alhamisi. Leseni ya utafiti ya Dakta Shekiondo ilifutwa kwa kuficha vishamba. Chuo kilimpa likizo ambayo haikutaja tarehe ya kurudi. Hafla ya Ijumaa iliahirishwa hadi utafiti mpya ufanyike, na mtu mwingine, mwenye sifa, angetumwa kuufanya. Vishamba viachwe kama vilivyo, vihesabiwe, visiguswe. Pampu haikutajwa popote, na Mama Ndahani alimfanya aisome barua mara mbili ili ahakikishe kwamba haikutajwa.

Karani alirudishwa Mamlaka kwa gari. Ungo ulirudi kupepeta nafaka.

Saa saba mchana Mama Ndahani alileta chakula. Saumu alinawa, akafunua kawa, akasita. Ugali ulikuwa mgumu kidogo, hauna harufu ya mvua wala ya kitu chochote.

"Huu ni upi?"

"Wa kula," alisema Mama Ndahani, akikaa mkekani ubavuni pake badala ya kumkalia mbele kama siku zote. "Ule wa mgeni tunamwekea huyo atakayekuja. Wewe sasa huna kazi, utakula tunachokula."

Saumu alimega tonge. Alikuwa amelipima ganda la Sikivu kwa darubini, ameandika protini yake, wanga wake, jeni zake mbili za kulalamika. Alichovya kwenye mlenda, akatia kinywani, akatafuna. Ulimi ulimkauka kama aliyelamba ganda la ndizi mbichi. Akatafuna tena, polepole, akatafuta maji.

"Mama, una ukakasi."

Mama Ndahani alimsogezea kata ya maji.

"Miaka mitatu," alisema. "Tulidhani unajua."